Kitongo cha Bibi Mkongwe

Mcha akiendesha hawezi kunyamaza,
na akisema lazima ageuke akutazame,
kwa hiyo tangu Tunguu roho yangu i mkononi
na mkono wenyewe umeshika ukosi wa shati lake.
Vespa ni ya mjomba wake, rangi ya ndimu iliyokauka.
Plagi ikilowa tunashuka: anaipuliza,
anaifuta kwa ncha ya shati, anaisomea
kitu nisichokisikia, tunaondoka.

Kitogani askari akatusimamisha.
Mnakwenda wapi?
"Kumzuru bibi yangu," akasema Mcha.
Bibi yake tulimzika mwaka ule wa mvua nyingi,
mimi mwenyewe nilishika pembe ya jeneza.
Nikameza ulimi.
Askari akasema, mfikishieni salamu.

Ukishapita Muyuni nchi inavua kijani chake.
Minazi inabaki nyuma kama watu waliokwisha kuaga,
uwanda unaanza: jiwe, kichaka, jiwe,
mawe yenye meno, yenye matundu,
yaliyokuwa bahari kabla bahari haijahama.
Huku mtu halimi, anabembeleza.
Anatafuta ufa wenye udongo wa kujaa kiganja,
anatia mbegu tatu, anazungushia bigili,
anangoja, na nguruwe naye anangoja.

Tukaiacha lami. Vespa tukaikokota
juu ya nyayo za malori, jua limesimama utosini,
boflo mbili mfukoni zimekwisha kuwa mbao.
Kisha ardhi ikakatika.

Mimi mtoto wa Unguja, nchi bapa kama sinia,
sijapata kusimama ukingoni mwa kitu.
Shimo hilo! Kuta nyeupe, zimekatwa ngazi ngazi,
zinachoma macho. Chini kabisa,
mbuzi mmoja, mdogo kama punje ya chumvi,
sijui alishukaje.
Nikaita, "Mcha!"
Ukuta wa pili ukarudisha: cha… cha…
kama karani anayeuliza,
kitongo cha nani? cha nani?

"Kilikuwa wapi?" nikamuuliza.
Akanyoosha kidole hewani,
juu ya shimo, usawa wa macho yetu.
"Pale. Pale ulikuwa mtama. Pale mtungi wake.
Pale alinichapa kwa kukanyaga choroko."
Kunguru akaja, akapita katikati ya choroko,
hakuna aliyemchapa.

"Niliuza mimi,"
na kwa mara ya kwanza hakunigeukia.
"Wakasema, haya si mawe tu?
Nami nikatazama, nikaona kweli, ni mawe tu.
Zikaja pesa. Zikawa bati, zikawa mahari,
zikawa jino la mama. Zilizobaki
sikumbuki zilikuwa nini."

Ningemwambia neno, lakini neno gani?
Nikavunja boflo. Akachukua kipande kikubwa,
kama anavyochukua tangu chuoni.
"Na kifusi walikipeleka wapi?"
Akatafuna kwanza, akameza.
"Barabarani. Kitogani mpaka huku,
chini ya lami ni yeye."

Basi kumbe askari hakudanganywa.

Jioni tukarudi, Mcha macho mbele,
kimya, hata ukosi wake nikauachia.
Kila tuta alilipanda taratibu
kama mtu anayepita barazani
na ndani kuna aliyelala.
Kitogani, askari yule yule:
"Bibi hajambo?"
Mcha akatazama lami chini ya gurudumu.
"Hajambo. Ametubeba."

Karibu na Jozani plagi ikalowa tena.
Akaipuliza, akaifuta, akainama kuisomea.
Safari hii nilikuwa karibu, nikasikia:
"Bibi, niwie radhi.
Bibi, washa."